Ndugu Yangu Si Mbuzi

Harufu ya majani ya managu yakichemka haifichiki. Inatoka jikoni, inapenya ukutani, inamfikia jirani kabla hujafunua sufuria. Katika landhi za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, miaka ya hamsini, ambako kila familia ilikuwa na chumba kimoja na sikio la jirani, harufu hiyo ndiyo iliyompaka mama yangu matope. Nilikuwa na miaka tisa, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya garimoshi, mtu mnene mwenye mashavu yanayong'aa, na watu wa kwetu Maragoli wakimwona walimsifu mama kwamba anajua kutunza mume. Kisha baba akaanza kuumwa kichwa na kupepesuka akipanda ngazi za injini. Daktari mmoja wa mjini akampima, akasema ni presha, akamkataza nyama na chumvi, akamwambia ale mboga, maharagwe na viazi vitamu kama anataka kuwaona watoto wake wakikua. Mama hakufanya masihara na maneno hayo. Alilima kipande cha ardhi nyuma ya landhi, akapanda kunde, mrenda, managu na maboga kwa ajili ya majani yake. Maharagwe aliyaponda na njugu karanga, na ugali akausonga wa wimbi. Baba alinuna wiki mbili, halafu akaanza kuomba aongezewe. Baada ya miezi minne kichwa kilikuwa kimetulia, anapanda ngazi bila kushika chuma, na mshipi wake mama ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Matundu hayo ndiyo yaliyotuponza. Kwa watu wetu wa wakati ule, mwanamume aliyekonda alikuwa ushahidi dhidi ya mkewe. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama ni mchoyo, kwamba nyama anakula peke yake mume akiwa kazini. Nyama gani, jamani! Habari zikafika Elburgon, ambako Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa akipasua mbao. Akaja Jumapili moja baada ya kanisa na jamaa watatu, na paja zima la ng'ombe ndani ya gunia. Wakaketi kumhukumu mama mbele yetu watoto. Mama alieleza taratibu, akatoa na cheti cha daktari. Hakuna aliyekigusa.

"Mama Rasoa," Baba Mkubwa alimwambia, "ndugu yangu si mbuzi."

Wakacheka wote. Wakaamua baba achukue likizo yake, aende Elburgon akanoneshwe mwezi mzima. Mama akamgeukia baba amtetee. Na baba, aliyejua fika jinsi mwili wake ulivyopona, akaangalia viatu vyake akasema, "Kaka akisema, nitaenda." Nilimpenda sana baba yangu, lakini neno hilo sijamsamehe.

Alirudi amenawiri, shingo imejaa, watu wakampongeza. Wiki ya tatu akaanguka karakanani. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito. Aliishi hivyo miaka miwili, akafa. Na matangani walisema nini? Kwamba mama alimrudishia majani, mwili ukashindwa. Walichinja fahali, wakala wakashiba, wakanawa mikono, wakamwita muuaji.

Juzi mjukuu wa Baba Mkubwa, mwenye nyumba Milimani kwa matajiri, ametoka hospitali na karatasi mkononi: ana presha, aache nyama, ale mboga za kienyeji na maharagwe. Sasa ukoo mzima umekuwa wa madaktari, na karatasi hiyo wanaisoma kwa heshima zote. Mke wake akanipigia simu kuuliza mama alikuwa akipika vipi. Nilimweleza kila kitu, maana mgonjwa ana kosa gani? Akasema, "Asante shangazi, kumbe hiki chakula ni cha maana." Nikamwambia kwamba kwa chakula hicho hicho mama yangu alizikwa akiitwa muuaji, na kwamba siku ukoo utakapokutana nataka mtu mmoja, hata mmoja tu, asimame aseme walimwonea. Yeye akaniuliza kama managu huoshwa kabla ya kukatwa au baadaye.