Nyasi Tulizopanda Ukingoni mwa Korongo

Gari lilipata pancha tukiwa tumeiacha Sumbawanga nyuma, njia ya kwenda Kate, nilikokuwa nakwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu. Dereva akashuka na jeki yake, nami nikashuka kunyoosha miguu. Pale barabara imekata kilima, na kwenye ule ukuta wa udongo mwekundu vijana wachache walikuwa wanapanda nyasi. Nilizitambua kabla sijawakaribia. Vetiva, zimefungwa matita matita, mizizi imefunikwa magunia yaliyoloweshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi. Mbona mnaachia nafasi kubwa hivyo? Hapo katikati maji si yatapita?"

"Miche yenyewe michache, mama. Tumeambiwa itoshe mpaka kule kwenye kona."

Mwenzake akacheka. "Mshikaji, leo umepatikana. Bwana shamba kaja na kitenge!"

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimeshachuchumaa, nimeshika tita moja na kulipasua mashina madogo madogo, nikipunguza majani na kukata ncha za mizizi, kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu utoto. Mikono haikuniomba ruhusa. Dereva alipopiga honi niliwaachia vijana nyasi zao, nikarudi garini.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kwenye kijiji kilicho upande huohuo wa Kate. Baba na mama walikuwa mjini Sumbawanga, mtaa wa Malangali, wakipambana na maisha. Nyumba ya bibi ilikuwa juu ya mteremko. Chini yake lilikuwa shamba lake la ulezi, na chini ya shamba lilikuwa korongo.

Wazee walisema korongo lile lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Nilipolijua mimi, mtu mzima akisimama ndani humuoni kichwa. Kila masika lilipanda kidogo kuja kwetu. Usiku wa mvua ungesikia udongo ukiporomoka, sauti nzito, kama mtu ametua gunia la mahindi. Bibi alikuwa akiisikia anasema tu, "Limekula tena," halafu anajifunika vizuri, maana baridi ya kwetu unaijua.

Baba alikuwa akija anamwomba wahamie wote mjini. Bibi hakutaka hata kusikia.

"Malangali nitalima nini, mwanangu? Sakafu yako ya saruji?"

"Mama, lile shimo litakuja mpaka hapa."

"Siku likigonga mlango nitakuja. Bado halijagonga."

Basi mimi, ambaye usiku nililala naye kitanda kimoja nikinusa moshi na mafuta ya mgando kwenye shuka lake, nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu kila Jumapili kanisani: lisigonge.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa mtu wa Mbeya, mlokole katikati yetu Wakatoliki, mpole, mwenye suruali moja ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Yeye ndiye aliyeleta vetiva shuleni. Alitufundisha polepole, kwa hiyo na mimi nikueleze polepole, ni jambo rahisi ukilishika. Shina moja kubwa unalipasua kwa mikono upate vishina vidogo vingi. Majani unayakata yabaki urefu wa kiganja, ili mche usichoke kuyanywesha. Unapanda kwa kukata mteremko, siyo kwa kushuka nao, na kila kishina kinakaribiana na mwenzake kama watoto waliopangwa mstarini na baridi imewashika. Kikifa kimoja, unajazia upesi. Nyasi hii haitambai wala haimwagi mbegu shambani. Inakaa palepale miaka na miaka, mizizi yake inashuka chini wima, na maji yakifika kwenye mstari yanapunguza mwendo, yanaacha udongo wao pale na kupita taratibu.

Alitugawia matita tukapande nyumbani. Wengine waliyaacha njiani. Mimi nilibeba la kwangu, na nikamwomba mwalimu aje mwenyewe. Alikuja Jumamosi na vijiti vitatu alivyovifunga kamba na jiwe likining'inia katikati, vya kupimia usawa wa ardhi.

Jirani yetu, baba mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alisimama kwenye mpaka wake akatutazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu! Huko kwenu Mbeya mnapanda nyasi?"

"Tunapanda, mzee wangu."

"Mnakula ninyi, au mnawalisha wakwe?"

Watu waliokuwa wakipita walicheka mpaka wakashika viuno. Hata bibi alicheka, akaniambia, "Mke mwenzangu, umeniletea aibu shambani." Lakini alishika jembe akatuchimbia.

Kicheko chao kilikuwa na sababu, na bila kuijua sababu hiyo hutaelewa yaliyofuata. Sisi Wafipa nyasi hatupandi, tunazizika. Mvua zikishalainisha ardhi, wakati wa mwisho wa masika, shamba lililosimama nyasi linalimwa ntumba. Unazikwatua nyasi pamoja na udongo wake, unazikusanya chini, unazifunika kwa udongo mpaka upate kichuguu cha mviringo kinachonifika mapajani. Humo ndani nyasi zinaoza. Juu yake unapanda maharage, na mwaka unaofuata unakisambaza kichuguu, unamwaga ulezi. Hatukuwa na mbolea nyingine. Kwa bibi, nyasi iliyobaki imesimama shambani ilikuwa kazi ambayo mtu ameisahau.

Hata hivyo mstari wetu ulishika. Mwaka wa kwanza nilijazia palipokufa, nikibeba maji kwenye kopo la samli na kupalilia kwa mkono. Mwaka wa pili nyasi zilinipita kimo, zimebanana huwezi kupenyeza mguu, na upepo wa Ufipa ukizipitia zilikuwa zinalia kama watu wanaonong'ona kanisani. Masika yale yote sikusikia gunia likitua. Asubuhi moja bibi alishuka nami, akaikanyagakanyaga ardhi nyuma ya mstari, ambako udongo ulikuwa umeanza kujaa, laini na mweusi. Hakusema neno la sifa, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema, "Hapa mwakani nitaweka maboga."

Kisha bibi akaugua kifua. Ilikuwa ni ule wakati wa kulima ntumba, na shamba letu lilikuwa limesimama bila kuguswa. Watu waliona. Jirani alipita nyumba kwa nyumba, na siku ya kazi wakaja, wanaume na wanawake, na majembe yao na nyimbo zao. Mimi nilikuwa shule. Bibi alinisimulia baadaye jinsi alivyolala ndani akisikiliza, na jinsi alivyolia kwa furaha kwamba watu hawajamsahau.

Niliporudi mchana walikuwa wameshamaliza. Walikuwa wamekaa uani wanakunywa pombe ya ulezi, jasho limewakauka, na shamba zima chini yao limejaa ntumba nzuri, za mviringo, zilizopangwa kama mikate. Ntumba mpaka chini. Mpaka ukingoni.

"Umeona, binti?" jirani alinipigia kelele. "Hatujamwachia bibi yako hata unyasi mmoja! Kule chini kulikuwa kugumu, lile limizizi lako limetuvunjia mpini. Tumeling'oa tu, limo humo ndani. Maharage yatakuwa hayo!"

Wote walikuwa wananitazama kwa upendo. Ningesema nini? Mtoto hamwambii mtu mzima kwamba amekosea, na hawa hawakuwa wamekosea kitu wanachokijua. Walikuwa wamefanya kazi ile vizuri kuliko ambavyo wangeifanya mashambani kwao. Nilipiga goti, nikasema, "Asanteni sana, baba. Asanteni, mama." Halafu nikakimbia kwa mwalimu.

Mwalimu alikuja akihema. Alisimama, akatazama ukingo ulio wazi, akatazama wale watu, na jirani akamkaribisha kwa kicheko akitaka ajue kuwa shamba limesafishwa. Mwalimu alisema, "Mmemsaidia sana bibi. Mungu awabariki." Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Baadaye nilielewa kwamba na yeye hakuwa na neno lingine.

Walipoondoka tulishuka sisi wawili, tukabomoa ntumba za chini. Tulizifukua nyasi zimekatwakatwa kwa majembe, mizizi imegawanyika. Tulichagua zilizobakiwa na uhai, tukazirudisha mstarini moja moja. Mwalimu alikuwa akinitia moyo, ananiambia nyasi hii ni ngumu, ikipewa wiki chache tulivu itashika.

Hatukupewa. Mvua ilianza kesho yake alasiri na haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kumwaga. Nilisimama mlangoni. Niliona maji mekundu yakikusanyika kati ya ntumba, yakatafuta njia na kuipata, na mstari wetu mpya ukaondoka kama vile hakuna mtu aliyeupanda. Baada yake zikafuata ntumba za chini, moja baada ya nyingine, na maharage yaliyopandwa asubuhi ile.

"Kunaanguka nini?" bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Udongo, bibi."

"Mwingi?"

Nilizidi kutazama nje. Akasema, "Funga mlango, mke mwenzangu. Ukitazama hakupungui."

Tulipanda tena mwaka uliofuata, lakini maji yalikuwa yameshapata njia, na mwalimu akahamishwa. Korongo lilikula shamba. Lilipofika nyuma ya jiko, baba alikuja na gari la kukodi. Bibi alipanda bila ubishi, na kutobisha kwake kuliniuma kuliko chochote.

Aliishi Malangali miaka mingi, akiwa safi, ameshiba na hana kazi. Wakati wa kulima alikuwa akiuliza kila mtu kama huko wameshaanza ntumba. Jirani alikuwa akija kumsalimia, na kila akija alileta unga wa ulezi, na hakukosa kulirudia jambo lile kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, mimi najilaumu. Siku ile tungelima kwa kina zaidi pale ukingoni, labda udongo ungeshika."

Bibi alikuwa anajua. Nilishamweleza, na alikuwa ameikanyaga ile ardhi kwa miguu yake. Alimjibu vilevile kila mara: "Mlifanya yote, mwanangu. Kunywa chai."

Wameshafariki wote wawili.

Baada ya kipaimara nilitembea mpaka kule peke yangu. Watu wengine wakienda kupatazama walipokulia wanakuta hata msingi wa nyumba, au udongo wa sakafu chini ya magugu, mahali pa kuwaonyesha watoto wao na kusema ni hapa. Mimi siwezi. Nilisimama ukingoni, na nyumba yetu ilikuwa mbele yangu, usawa wa macho, mahali ambapo hakuna ardhi. Mwewe alikuja kutoka upande wa pili wa korongo, ametandaza mabawa, hana haraka, akapita katikati ya chumba tulichokuwa tukilala.