Kila Nikitaka Kutoka, Kiatu cha Kushoto Hakipo

Mwizi gani anaiba kiatu kimoja?

Hilo ndilo swali nililojiuliza nikiwa nimesimama mlangoni kwa watu, ng'ambo, mguu wa kulia umevaa raba, wa kushoto una soksi tu, na darasa la lugha limeshaanza.

Nilitafuta chini ya ngazi. Nikatafuta nyuma ya pazia. Nikafungua hadi mashine ya kufulia. Wapi.

Siku hiyo nilikwenda darasani na mabuti ya mvua ya mama mwenye nyumba, na jua linawaka. Wenzangu wakanitazama miguuni, nikajikausha.

Jioni kiatu kikarudi. Kipo palepale kwenye rafu, kimetulia, utadhani mimi ndiye niliyekuwa sioni.

Kesho yake kikapotea tena. Kilekile cha kushoto.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mtanijia na maswali.

Mimi nyumbani wananiita Kiguu na Njia. Tangu mdogo sikai. Ukinipa kiti nakikalia upande, uso mlangoni. Mtu akiinuka tu nauliza, "Unakwenda wapi?" Hata kama anakwenda chooni. Watu wamenicheka mpaka wamechoka.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kuwa au pair, hakuna aliyeshangaa.

Kwa msiojua, kazi yenyewe ni hivi. Unaishi na familia ya huko, unawalelea mtoto, unapewa chumba chako na hela kidogo ya matumizi, na mtoto akiwa chekechea unakwenda kusoma lugha yao. Mwaka ukiisha salama, mlango wa chuo unafunguka. Mimi nilitaka kusomea ualimu wa chekechea, na njia nyingine ya kufika huko sikuwa nayo.

Shangazi yangu hakuelewa hata kidogo.

"Yaani umepanda ndege kwenda kuwa dada wa kazi?"

"Shangazi, ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

"Nakula nao mezani."

"Aa. Basi hongera."

Familia yenyewe ilikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kufunga vifungo. Nilimpa jina la Chifu, kwa sababu nyumba nzima ilikwenda kwa amri zake. Mama yake alikuwa daktari wa meno. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nikajaribu, ulimi ukagoma. Mtu mzima, daktari, unamwitaje jina kavu? Nikamwita Mama Chifu, nikamweleza ni heshima. Akacheka, akalipenda. Baba Chifu alikuwa dereva wa treni za masafa, leo yupo, kesho hayupo.

Sasa, balaa lilikuwa asubuhi.

Mama Chifu alikuwa haondoki, alikuwa anaaga. Busu. Kumbatio. Maelezo ya lini atarudi. Busu tena. Akifika chini barabarani anageuka, anapunga mkono, na Chifu yuko juu dirishani, uso ameubandika kwenye kioo, analia kilio cha kuita majirani.

Kisha mama mtu anakwenda zake kazini. Nani anabaki na kilio? Mimi.

Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa.

"Mama Chifu," nikamwambia, "kwetu mtoto mdogo haagwi."

"Haagwi? Sasa mnafanyaje?"

"Anazugwa. Unampa kitu cha kutazama. Akigeuka, haupo. Halii hata kidogo."

Alisita. Akamtazama mwanawe, akatazama saa, akafikiria wagonjwa wanaomsubiri wamekaa midomo wazi. Akasema tujaribu.

Chumba cha nyuma kulikuwa na tangi la samaki. Asubuhi iliyofuata nikamwambia Chifu, "Twende tukaone kama yule mwekundu ameamka." Akanishika mkono, tukaenda. Huku nyuma mama yake akachukua koti, akatembea kwa ncha za vidole, akavuta mlango taratibu.

Tuliporudi sebuleni Chifu alitazama msumari wa koti. Koti halipo. Akasimama kidogo.

Kisha akaomba mkate.

Hakulia jamani. Nilijisikia profesa. Mama Chifu alipopiga simu kutoka kliniki na kuambiwa kumetulia, alinishukuru mpaka nikaona haya. Nikampigia shangazi nikamwambia nimewafundisha wenye nchi yao kulea. Kichwa kilinivimba, sitaki kudanganya.

Haikuchukua muda, mambo yakaanza kuharibika.

Chifu akaacha kulala mchana. Akawa ananifuata kila chumba. Nikiingia chooni anakaa nje ya mlango, ananisemesha ili ahakikishe najibu. Mezani akageuza kiti, akawa anakula upande, uso mlangoni. Nikiinuka kuchukua kijiko anauliza, "Unakwenda wapi?"

Na mimi, bila akili, nikacheka. Nikamwambia baba yake, "Huyu amenirithi."

Na samaki hataki tena kuwaona. Ukimtajia samaki anashika sketi ya mama yake kwa mikono miwili.

Ndipo kiatu kikaanza kupotea. Leo chini ya sofa, kesho ndani ya sufuria kubwa, keshokutwa hakionekani mpaka jioni. Nikachelewa darasani, mwalimu akaanza kunitazama vibaya. Nikampigia tena shangazi.

"Kiatu kimoja tu?" akauliza. "Mwanangu, hapo kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani, shangazi? Huku sijuani na mtu."

"Ndiyo maana nasema. Vilaze viatu chumbani kwako, usali kwanza."

Nikasali. Nikalala na viatu chini ya kitanda. Kulipokucha, cha kushoto hakipo. Hapo sasa woga ukaniingia kweli.

Wiki hiyohiyo mratibu wa wakala aliyenipeleka akaja kututembelea. Mwanamke mpole, anaongea polepole, lakini maneno yake yalikata.

"Mtoto alikuwa analia asubuhi tu," alisema. "Sasa hatulii siku nzima. Hali imebadilika tangu wewe ufike."

Mama Chifu alikuwa anatazama meza.

"Tusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Asipotulia, itabidi urudi nyumbani."

Kurudi nyumbani maana yake hakuna chuo. Maana yake shangazi ananipokea na mabegi na swali. Nilikaa pale nikitikisa mguu chini ya meza, na Chifu, aliyekuwa mapajani kwangu, akawa anatikisika na mguu wangu. Hakutaka kushuka.

Asubuhi iliyofuata niliamua kumkamata mwizi. Nikaweka viatu wazi, katikati ya korido. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikajibanza nyuma ya mlango nikichungulia.

Mlango wa chumba cha mtoto ukafunguka.

Chifu akatoka anatembea kwa ncha za vidole, vilevile mama yake anavyotembea akiondoka. Akainama, akachukua kiatu cha kushoto, akakikumbatia, akarudi nacho. Nikamfuata. Nikamkuta amekilaza kwenye kitanda cha mwanasesere wake, anakifunika blanketi.

Sikugomba. Nilikaa sakafuni.

"Chifu, mbona unachukua kiatu changu?"

"Huwezi kuondoka na kiatu kimoja."

"Nani kasema naondoka?"

Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mwongo.

"Mama anaondoka nikiangalia samaki," akasema. "Wewe utaondoka nikiangalia nini?"

Nikalivuta blanketi, nikakifunika kiatu vizuri.

Kwa sababu mimi najua niliachwa nikifanya nini. Mimi nilitumwa chumvi.

Nilikuwa mdogo wa umri wake. Mama aliniambia, "Mwanangu, kimbia kwa jirani ukaombe chumvi." Nikakimbia. Nikapewa, nikarudi nimeishika kwa mikono miwili isimwagike. Nikakuta bibi peke yake. Nikaita mama. Nikaita tena. Bibi akasema, "Amekwenda kazini, mbali, atarudi." Na chumvi nyumbani ilikuwepo, kopo limejaa.

Alirudi nikiwa nimeshavunja ungo. Katika hiyo miaka yote nilikuwa nakwenda barabarani kumtazama, asubuhi na jioni, bibi ananifuata na fimbo. Hapo ndipo nilipopata hilo jina la Kiguu na Njia. Watu wanadhani napenda safari. Mimi nilikuwa namtafuta mama yangu.

Na nilivuka bahari, nikaenda kumfanyia mtoto wa watu kitu kilekile, tena nikasifiwa.

Siku hiyo Mama Chifu aliporudi nilimweleza yote, kiatu, samaki, hata chumvi. Lugha yao ilikuwa bado inanipiga chenga, lakini alielewa. Alikaa sakafuni koridoni na koti lake mwilini.

"Na mimi nilijua," akasema. "Kila nikitembea kwa ncha za vidole nilijiona mwizi nyumbani kwangu."

Tukarudia dirisha. Busu, kumbatio, maelezo, busu tena. Chifu alilia vibaya kuliko zamani, kana kwamba kilio alikuwa amekiweka akiba. Mimi nikasimama naye pale dirishani, sikumnyamazisha. Akimaliza kulia tunahesabu magari mekundu.

Siku zikapita, kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa kupunga mkono tu. Usingizi wa mchana ukarudi. Mratibu alipokuja mwisho wa mwezi alimkuta Chifu amegeuzia mlango mgongo, anachora. Nikabaki.

Mwaka ukaisha. Chuo kikanikubali, katika mji mwingine wa nchi hiyohiyo, na kabla ya hapo nilikuwa nakwenda nyumbani likizo. Tulimwambia Chifu mapema. Akanuna. Akanipiga marufuku kugusa wanasesere wake.

Siku ya safari ilipokaribia, Mama Chifu alinivuta pembeni jikoni, macho yamemjaa maji.

"Labda uondoke akiwa chekechea," akasema. "Ile mbinu yenu. Mara hii moja tu. Mimi sitaweza kumwangalia."

"Hapana, Mama Chifu. Mimi nitaaga."

Asubuhi ile mabegi yakatolewa. Teksi ikafika. Nikaenda kwenye rafu ya viatu.

Cha kushoto hakipo.

Baba Chifu, mtu wa treni, asiyejua kuchelewa, akatazama saa. Akataka kuita. Nikamwashiria anyamaze. Nikakaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni, nikasubiri. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa nimetulia, na mabegi mlangoni.

Chifu akatokea juu. Ameshika kiatu. Akashuka ngazi moja moja, akapiga magoti, akanivalisha mwenyewe. Kamba hakuziweza, akazikunja akazichomeka ndani.

"Sasa nenda," akasema. "Mimi nitakuwa dirishani."

Kweli alikuwepo. Alipunga mpaka teksi ikakata kona. Mimi nililia njia nzima, dereva akaongeza sauti ya redio kwa heshima.

Mngesema hadithi imeishia hapo. Bado.

Nilifika nyumbani. Baada ya salamu na maneno ya shangazi, nikabaki na mama peke yetu, tunachambua mchele. Nikamsimulia habari za Chifu, kiatu, na samaki. La chumvi sikumtajia, hatukuwahi kuliongea maisha yetu yote.

Mama akaacha kuchambua.

"Ulirudi unakimbia," akasema. "Umeishika kwa mikono miwili."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jirani, na begi langu. Nilisubiri uingie ndani. Nikakusikia ukiita."

"Sasa mbona hukutoka, mama?"

"Ningetoka, nisingeondoka. Na nisingeondoka, mngekula nini?" Alikuwa anatazama ungo wa mchele. "Bibi yako aliniambia mtoto haagwi. Nikamsikiliza. Mpaka leo sijui kama gari lilinisubiri au niliwahi, nakumbuka ile sauti tu."

Tulilia wote wawili, mchele ukaingia chumvi bila kutiwa.

Asubuhi yake nikamsikia anahangaika mlangoni.

"We Kiguu na Njia, umeiona ndala yangu ya kushoto?"

Nilikuwa nayo. Mtu mzima mimi, mwanafunzi wa chuo, nimekaa kitandani nimeificha chini ya kanga. Nikatoka nayo nikamwekea mguuni.

"Unakwenda wapi?"

Akaniangalia, akaelewa. Akaniwekea mkono shavuni.

"Mwanangu, nakwenda dukani kununua chumvi. Nitarudi sasa hivi. Kwaheri."

Nikaenda dirishani, nikampungia mpaka akakata kona. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikaupa mlango mgongo, nikanywa chai yangu.

Kila siku mnaniuliza inbox, kazi ya au pair ina faida gani. Ipo lugha, kipo chuo, na nyumba ya pili ninayo, Chifu ananipigia kila Jumapili kuniambia nivae soksi. Lakini mimi faida yangu kubwa ni kwamba sasa najua kuondoka. Wewe unayefunga begi leo na una mtoto nyumbani, usimtume chumvi. Muage. Atalia, mwache alie, umwambie unakwenda wapi.