Siku Niliyomvua Inspekta Suruali

Hii aibu nimeificha miaka mingi, hata dadangu hajui yote, lakini wacha niseme tu, maana siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu nikiosha vyombo.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, tumepanga nyumba Kitengela, mimi mwalimu wa darasa la tatu, mimba ya kwanza, miezi tisa imetimia, bwanangu ameniambia nisitoke, nami nikajiambia wacha nikimbie Kajiado nipeleke fomu ya likizo mara moja nirudi (eti mara moja!). Kwa foleni ya ofisi ya elimu uchungu ukanishika, nikajifanya ni mgongo tu, mpaka chupa ikapasuka, maji chwaa kwa simiti mbele ya walimu wote, na inspekta wetu wa shule, mzee mkali ambaye hata mahedimasta walimwogopa, akanibeba kwa gari lake mwenyewe hadi zahanati.

Huko nikalala chali, vile nilivyoona kwa kitabu, nikalia na kusukuma na mtoto hashuki, nikaanza kuogopa kweli. Nesi, mama Mmaasai mtulivu, akanishika bega.

"Mwalimu, mbona unampandisha mtoto mlima? Inuka. Piga magoti, shika kitu kigumu."

Sasa kitu kilichokuwa karibu ni inspekta, ndiyo anaingia kuniletea mkoba. Nikamkamata mshipi kwa mikono miwili, uchungu ukaja, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na suruali yote chini (ndani alikuwa na kaptula ya maua, Mungu nisamehe).

"Mwalimu, niachilie!"

"Siwezi, sir!"

"Bwana, simama hapo hapo," nesi akasema, "mtoto anashuka vizuri!"

Na akasimama. Angeweza kunisukuma akimbie, lakini mzee wa watu aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akaanza Baba Yetu kwa sauti, na kabla afike amina msichana wangu akalia.

Nilimwambia nesi "ashe oleng", shukrani pekee ya Kimaasai niliyoijua. Inspekta nilishindwa hata kumwangalia.

Wale wengine wawili nimewazaa pia kwa magoti, nikishika kitanda. Na niliapa, mimba ikifika miezi tisa sitoki geti hata kununua sukuma wiki. Lakini wewe mzee, popote ulipo, asante kwa kusimama.