Shujaa asiyejua kulala chini

Juzi mchana, kwenye chumba cha video pale mtaa wa Jabe, tulitazama sehemu ya tatu ya sinema ya komando. Risasi zinamiminika, naye amesimama wima barabarani. Mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasonya.

“Sehemu ya kwanza alisimama, ya pili alisimama. Huyu mutu hajifunzi?”

Fundi baiskeli akamjibu, “Mama, ye ni shujaa.”

“Shujaa gani hajui kulala chini?”

Mara milio ya risasi za kweli ikasikika upande wa mtaa wa Kanyosha. Sote tukajikuta sakafuni, fundi akiwa wa kwanza. Mama, shavu likiwa kwenye saruji, akainyooshea televisheni kidole.

“Mumuangalie. Bado amesimama.”

Mimi ni mhakiki wa sinema, na uhakiki mwingi nimeuandika nikiwa kitini. Huu niliusikia nikiwa chini ya benchi, na sina la kuupinga.