Nilikwenda Ulaya kwa mpango wa kubadilishana walimu, mke wangu akasoma barua yangu mbele ya kijiji kizima

Wakuu, salaam. Na nyie wadogo, marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimeusoma uzi wa yule mwalimu kijana anayeuliza kama aende kufundisha nje mwaka mmoja na kumwacha mkewe nyumbani. Mmemjaza maneno matamu: nenda mkuu, fursa hiyo, usilaze damu.

Mimi niliwahi kwenda. Nitasema kilichonikuta kama kilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha. Wale wa "mzee hii chai", chai yenyewe daktari alishanikataza sukari, kwa hiyo tulieni. Mods, naomba msiuunganishe na uzi wake.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi jirani na stesheni ya Bukene, kwenye reli ya Mwanza. Kijana, suruali bugaluu, kitana mfukoni.

Nilikuwa na mke, Kalunde, na mama yangu mzazi ambaye wote tulimwita Mayu. Tulikaa kwenye mji wa marehemu baba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni. Nyumba ya matofali ya kuchoma niliijenga mwenyewe, likizo hadi likizo. Mizinga ya nyuki ilikuwa porini, na kaburi la baba lilikuwa nyuma ya ghala. Mayu alikuwa ameshasema hatoki pale.

Ukaja mpango wa kubadilishana walimu. Mmoja wetu aende nchi moja ya baridi kule Skandinavia afundishe jiografia na habari za Afrika, na wa kwao aje kwetu afundishe hesabu. Nikachaguliwa mimi. Acha tu wakuu, nilijiona nimeukata.

Wa kwao alikuwa Bi Karin, dada mpole, mrefu mpaka mlangoni anainama. Ndani ya wiki chache alikuwa anakula ugali wa muhogo na mlenda kutuzidi.

Sasa ujinga wangu unaanzia hapa.

Kalunde hakuwahi kukanyaga shule. Kabla sijaondoka nilimwandikisha kisomo cha watu wazima, na jioni nikawa namfundisha mwenyewe. Sikuwa mwalimu mpole. Alikuwa amekariri kitabu chote cha kisomo, anafungua kurasa huku anaangalia kuku uani. Nilimfokea. Nilimwambia huko siyo kusoma, ni kuimba. Siku atakayosoma kitu ambacho hajawahi kukiona, hapo ndipo atakuwa amesoma.

Na sababu yangu haikuwa maendeleo ya akina mama, tusidanganyane. Zamani barua ikifika inasomwa na yeyote anayejua, na kabla jua halijazama majirani wote wanajua umetuma nini na unaumwa wapi. Mimi nilitaka barua zangu zisomwe na mke wangu peke yake.

Nikaondoka. Maisha ya kule sitayaremba. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Watoto wanakuita jina lako la kwanza kama mlichunga ng'ombe pamoja. Lakini nilifundisha vizuri, na walimu wenzangu walinipenda.

Baada ya miezi kadhaa nikapata barua ya Kalunde, ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake. Herufi zimelala huku na huku kama ulezi uliopigwa na mvua. Iliandikwa hivi: Mayu mzima. Mimi mzima. Wanasema tutahama.

Nililia kwa furaha, wakuu. Mwalimu mzima nimekaa kwenye kitanda cha watu nalia. Halafu nikarudia ule mstari wa mwisho.

Kuhama maana yake ni kuhamia kijiji kipya, wote tukae pamoja kando ya barabara. Mnaokumbuka mnakumbuka. Na hapa niseme lile ambalo hata watoto wangu sijawaambia: kabla ya safari mimi mwenyewe nilikuwa nasimama kwenye mikutano kuwashawishi watu wahame. Mimi ndiye niliyekuwa nasema shule itakuwa karibu, zahanati itakuwa karibu, acheni kung'ang'ania makaburi.

Ilipofika zamu ya mji wa baba yangu, nikaandika barua. Herufi kubwa kubwa, nafasi pana, ili Kalunde asihangaike. Nilimwambia, wewe usikubali kuhama. Wakija waambie mume wangu ni mtumishi wa serikali, wasubiri arudi. Hao wanatafuta sifa tu kwa wakubwa wao. Waache wengine watangulie.

Nikabandika stempu, nikaenda zangu kula.

Wiki kadhaa baadaye Bi Karin akanitumia picha. Kalunde amesimama mbele ya umati, kitenge kipya, karatasi mkononi, kidole kwenye mstari. Nyuma ya picha ameandika kwamba mke wangu ameongoza mtihani wa kisomo.

Jamani, nilivyoringa! Niliibandika ile picha kwenye ukuta wa chumba cha walimu. Kila aliyepita nilimwita aone. Nikawaambia yule mwanamke miezi michache nyuma hakuwa anajua "a", na mwalimu wake ni mimi. Wakanipigia makofi.

Sikuitambua ile karatasi aliyoshika. Ilikuwa barua yangu.

Picha haikumaliza mwezi ukutani. Ikaja barua rasmi kuwa mkataba wangu umekatishwa, nirudi nyumbani mara moja. Mkuu wa shule wa kule alinipa kahawa na kuniambia anasikitika. Hakujua kosa langu, na mimi sikulijua.

Nilishuka Bukene na sanduku langu. Watu niliowafundishia watoto wananiona, wanageukia pembeni. Bi Karin ndiye aliyenipa habari. Macho yalikuwa mekundu, maana alijua mwanzo wa yote ni wageni wake.

Siku ya mtihani walikuja wageni kutoka kwao, wakiongozana na mkubwa mmoja wa wilaya. Akina mama wakasoma mmoja mmoja. Mgeni mmoja akagundua kwamba wengine wanasoma huku kitabu kimegeuzwa juu chini. Akacheka. Mkubwa akaona aibu, akauliza kama kuna hata mmoja anayeweza kusoma kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kalunde akasimama. Barua yangu alikuwa amekabidhiwa asubuhi ile ile pale shuleni, hajaifungua bado. Akaitoa kwenye pindo la kitenge, akaifungua mbele yao.

Mnajua mtu anayejifunza anavyosoma. Anashika silabi moja moja, akili yote iko kwenye ncha ya kidole. Maana ya neno inamfikia baadaye sana. U-si-ku-ba-li, ku-ha-ma. Watu walishaelewa, yeye bado anaendelea, anatabasamu, jasho linamtoka. Bi Karin naye hakuwa anakijua Kiswahili cha kutosha, akapiga picha kwa kamera yake ya papo hapo, akaituma kwangu jioni ile ile.

Alifika mpaka kwenye "waache wengine watangulie". Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu, ambaye nilimshawishi mimi mwenyewe akaacha mji wake, akasema kwa sauti, "Kumbe sisi tuhame, yeye abaki."

Nasikia hapo ndipo Kalunde aliposimamisha kidole na kunyanyua uso.

Siku ya tatu baada ya mtihani lori lilifika nyumbani kwetu. Awali watu wa upande wetu walikuwa wameruhusiwa kusubiri mpaka wavune. Ruhusa ile ikafutwa kwetu peke yetu, tuwe mfano. Bati zikang'olewa. Mayu akapandishwa juu ya lori pamoja na vyungu, akashushwa kwenye uwanja mtupu ambako nyasi za kuezekea zilikuwa hazijakatwa. Mvua ikamkuta hapo. Kifua kikambana, akafariki nikiwa bado sijapanda ndege.

Namlaumu nani? Miaka mingi nilimlaumu yule mkubwa. Nikamlaumu mgeni aliyecheka. Lakini siku ile niliyofika sikumtafuta hata mmoja wao.

Nilimkuta Kalunde anakandika udongo kwenye kibanda. Hakukimbia kunipokea. Sikumpa pole ya Mayu. Nilimuuliza kwa kufoka nani alimtuma kusoma barua yangu hadharani.

Akasema, "Ulisema nikisoma nisichowahi kukiona ndiyo nitakuwa nimesoma."

Nami nikamjibu hivi, nanukuu, maana naikumbuka kila siku: "Bora ungebaki mjinga, mama yangu angekuwa hai."

Alinawa mikono, akaenda kunitengea maji ya kuoga.

Mimi nilihamishiwa shule ya mbali, Usinge huko, porini. Akanifuata, tukazaa, tukalea. Sijawahi kumsikia akilalamika. Ila tangu siku ile Kalunde hajasoma. Ripoti za shule za watoto alinipa mimi. Kadi za kliniki alinipa mimi. Kanisani anashika kitabu cha nyimbo kimefungwa. Niliomba msamaha, si mara moja. Anasema yameisha, halafu ananipa karatasi nimsomee. Na kusoma anajua, wakuu. Namwona macho yanavyotembea kwenye mabango ya dukani, akigundua namwangalia anainamisha uso.

Kwa hiyo kijana, kwenda nenda. Nje hakuna ubaya. Ubaya nilioufanya niliuandikia mezani, tumbo limeshiba, nikiwaagiza walio nyumbani wawe majasiri kwa niaba yangu. Na ukirudi ukakuta mambo yameharibika, funga mdomo siku ya kwanza. Kanywe maji, kalale.

Haya, tukaneni au tupeni pole, vyovyote. Aliyepitia ya kufanana na haya atupe yake hapa chini. Bibi yenu amekaa pembeni yangu sasa hivi, ameniuliza naandika nini. Simu nimemnyooshea aone mwenyewe. Ameirudisha mkononi mwangu, anasubiri nimsomee.