Mzee wa Nungunungu Aliyenichagulia Turbo

Cheka kwanza, nitasubiri. Nimeshaisimulia habari hii kwenye vijiwe vya bodaboda Kahama, kwenye mabanda ya chai Bulyanhulu, hata msibani mara moja, na kila mahali watu huanza kwa kucheka. Wakimaliza nawafungulia mlango wa mbele wa gari langu, nawaonyesha kiti cha abiria. Hapo kicheko hubadilika kidogo. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ambayo hata mbuzi wanagombania kivuli.

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliiacha mapema, siku lori la pamba lilipoharibika mbele ya darasa letu. Nilitoka kwenda kuona fundi anafungua nini, na sikurudi kuchukua hata daftari. Tangu hapo nimechimba, nimeuza kandambili, nimekaanga chapati Runzewe, nimesafisha visima. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, naondoka. Kitu pekee ambacho sijakichoka ni gari langu, Mark II ya zamani yenye injini ya silinda sita. Jumatatu hadi Jumamosi linabeba abiria kati ya Kahama na Bulyanhulu. Jumapili linacheza. Na siku zote nalala humo humo. Kwa hiyo ukisikia nasema gari, elewa nasema nyumba, kazi na kitanda.

Sasa, hilo la kucheza. Nasikia kwingine magari hukimbizana hadi kwenye mstari, wa kwanza ndiye bingwa. Sisi tunashindana kama ngoma za baada ya mavuno. Uwanja mmoja, magari mawili, kila moja upande wake na njia yake ya vumbi inayozunguka kichuguu. Yanaanza pamoja. Watazamaji wanakaa katikati, na kidogo kidogo wanaanza kuhama. Upande utakaojaa ndio umeshinda. Hakuna mwamuzi wala filimbi, ni miguu ya watu tu.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Masanja, dereva wa Runzewe, mdomo mrefu, gari jeupe lenye turbo kubwa. Msimu mzima alinitania. "Wewe gari lako linakohoa," aliniambia mbele ya watu. "Lipeleke likanywe dawa." Nikapandwa na hasira za kijinga, nikamwambia tushindane mwisho wa mavuno, gari kwa gari. Atakayekimbiwa na watu anaacha ufunguo uwanjani. Akanipa mkono palepale. Niliporudi kulala kwenye kiti changu cha nyuma ndipo nilipoelewa nimeweka nini rehani.

Nikaenda Shinyanga mjini kwa Mama Kulwa, fundi wangu, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Alitandika gunia mezani akaweka turbo mbili, moja kubwa kama sufuria ya ugali wa harusi, nyingine ndogo, unaweza kuifunika kwa bakuli.

"Zote zinafanya kazi moja," alisema. "Moshi wa injini unazungusha pangaboi la huku, na la huku linasukuma hewa ndani. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Hii kubwa ikishika, utaomba toba. Lakini mpaka ishike! Inataka moshi mwingi ndipo izunguke. Hii ndogo inashika mapema, ila huko juu inaishiwa pumzi."

"Sasa nifunge ipi, Mama Kulwa?"

"Ukipoteza gari utakuja kulala gereji kwangu, na wewe unakoroma. Chagua mwenyewe."

Nani angechagua ndogo? Niambie ukweli. Masanja ana kubwa, mimi niweke bakuli? Tukafunga ile kubwa. Ndogo akaniwekea kwenye buti, ndani ya gunia, akasema nikaijaribu kwanza hiyo kubwa barabarani kabla sijajisifu.

Basi nikashika njia. Nilishaipita Kahama, naelekea Bulyanhulu, sehemu yenye yale mawe makubwa yaliyopandana kama mtu kayapanga. Pembeni kasimama mzee mrefu, kaniki begani, tenga lililofunikwa mkononi. Nikasimama. Nimwache mzee juani?

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisogeze hapo mbele. Na uendeshe taratibu, ninaye mwenzangu humu."

Akapakata tenga. Ndani kitu kilichakarisha, kama mtu anayetikisa njiti za kiberiti. Nikamuuliza ni nini. "Nungunungu," akasema, kama wewe ungesema kuku. Nikakumbuka kwamba Wasukuma wa zamani walikuwa na kundi la ngoma linalocheza na nungunungu hai. Nikafurahi, maana nilikuwa na maswali yangu ya siku nyingi. Anashikwaje mkononi bila kuchoma? Anakula nini? Mzee akanijibu moja tu, kwamba nungunungu hachomi anayemsikiliza.

Mbele ng'ombe wakavuka barabara. Nikapunguza, wakapita, nikakanyaga mafuta. Kimya. Gari likanguruma chini kwa chini kama limeamshwa. Nikaendelea kukanyaga. Kimya tena. Halafu ghafla, mbwaa! Turbo ikashika, shingo zikarudi nyuma, nungunungu akapiga kelele ndani ya tenga, na mimi nikacheka kwa raha.

Mzee hakucheka. Aliniangalia kwa huruma.

"Mbona ngoma yako inachelewa kuitika?"

"Ni turbo kubwa, babu. Ikishika ina nguvu."

"Ikishika. Mimi nikipiga mguu chini, njuga zinalia saa ile ile. Njuga zikilia kesho, watu wameshahamia kwa mwenzako." Akagonga dashibodi kwa vidole, mdundo mwepesi unaopanda na kushuka. "Cheza hivi."

Nikajaribu, niamini. Kukanyaga, kuachia, kukanyaga, kufuata vidole vyake. Gari likawa kama mlevi anayeitikia wimbo uliokwisha. Nilipotaka linyamaze ndipo lilipopiga kelele.

"Simama," akasema. "Huyu mdogo aliye nyuma analia. Mtoe."

Sikuwa nimemwambia kuna kitu kwenye buti. Sikuwa nimemwambia kuna turbo kubwa na ndogo. Nilisimama, bado tukiwa kwenye yale mawe, nikafungua buti, nikatoa gunia. Mzee akaishika ile turbo ndogo kiganjani, akapuliza ndani, mara moja, kama unavyopuliza uji. Pangaboi likazunguka. Likaendelea kuzunguka. Alianza kucheza pale barabarani, peku, mguu huu, mguu ule, na mimi nikasikia njuga zikilia wazi kabisa. Nikatazama vifundo vya miguu yake. Vilikuwa vitupu. Nikatazama vumbi alipokanyaga. Lilikuwa laini, kama hakupita mtu.

Ningekimbia? Ndiyo, mtu mwenye akili angekimbia. Lakini alikuwa anacheza vizuri mno! Sijui nikuelezeje. Nilijikuta nami natikisa mabega, mjinga mkubwa, katikati ya barabara, mchana.

Alipomaliza alinirudishia turbo, bado inazunguka. "Ukishinda, uje unizungushe," akasema. "Wabeja, asante sana mjukuu wangu." Akachukua tenga lake, akazunguka nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote.

Nikasubiri atokee upande wa pili. Hakutokea. Udadisi wangu unaujua, nikamfuata. Nyuma ya jiwe kulikuwa na mji wa watu, na mama mmoja anaanika mihogo. Nilimwamkia, nikamuuliza kama ameona mzee mrefu mwenye tenga.

Hakuacha hata kugeuza mihogo yake. "Amekuomba lifti?"

"Ndiyo."

"Huyo ni baba mkwe wangu. Kaburi lake lile pale chini ya mnyaa. Mwaka jana alipanda bodaboda, kijana akaacha pikipiki hapa akarudi kwao kwa miguu. Wewe angalau umeuliza." Huyo mama anaitwa Mama Shija, na leo ni rafiki yangu. Alinikaribisha maji, akaniambia yote. Mzee alikuwa manju, kiongozi wa wacheza na nungunungu, na hakuwahi kushindwa uwanjani isipokuwa siku moja, lori lililombeba lilipokwama kwenye mto. Alifika watu wote wameshahamia upande wa pili. Alicheza peke yake mpaka jua likazama, na alikufa bado anaisimulia siku hiyo. "Kwa hiyo hapendi kitu kinachochelewa," Mama Shija alisema. "Hata ugali wangu alikuwa anausimanga."

Niligeuza gari hapo hapo, nikarudi Shinyanga. Mama Kulwa aliponiona na gunia aliweka spana chini.

"Nani kakushauri?"

"Mzee mmoja."

"Fundi?"

"Mcheza ngoma."

Akaichukua ile ndogo, akatazama pangaboi linavyozunguka bila mtu, akalisimamisha kwa kidole. Lilipotulia alisema tu, "Huyo ana sikio," akaanza kufungua nati.

Siku ya mashindano Runzewe yote ilikuwa uwanjani. Wachimbaji, wafugaji, akina mama na karanga zao, watoto juu ya miti. Masanja alikuja na miwani ya jua na shati jipya. "Umeshafungasha blanketi?" akaniuliza kwa sauti. "Nitakuachia mto, mimi si katili." Watu wakaangua kicheko, na mimi pia nilicheka, nikaingia garini.

Tukaanza. Gari lake likatoa mlio ambao ulipasua anga, nakiri, nywele zilinisimama. Watu wakainuka kama kundi la ndege wakamwendea. Upande wangu walibaki mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mbwa mmoja. Kwenye kioo niliona migongo ya watu tu. Nikaiona nyumba yangu ikiondoka, na mimi ndani yake.

Ndipo niliposikia vidole kwenye dashibodi. Kiti cha pembeni hakikuwa na mtu, lakini mdundo ulikuwa ule ule. Nikauacha mguu uufuate. Nikikanyaga, turbo inaitika. Nikiachia, inapumua. Tssh! Nikakanyaga tena, ipo. Gari likaanza kuzunguka kichuguu kama linatikisa mabega, nyuma ikiyumba huku, ikiyumba kule, kila mguu na jibu lake, na njuga zikilia humo ndani hadi meno yangu yakacheza. Yule mama akaanza kupiga makofi. Akapiga kigelegele. Watu huko kwa Masanja wakageuka kutazama nani anashangiliwa, na walipogeuka walisikia mdundo.

Unajua ilivyo mtu mmoja akishaanza kuhama. Wakaja watoto, wakaja wachimbaji wanakimbia, akaja muuza karanga na beseni kichwani, anacheza nalo bila kumwaga. Masanja alikuwa bado anakanyaga, gari lake likisubiri, likisubiri, halafu likilipuka mbele ya uwanja mtupu. Mwishowe injini yake ikanyamaza. Nilipotazama tena kwenye umati, nani nilimwona anacheza mstari wa mbele, miwani imemning'inia sikio moja? Yeye mwenyewe!

Alininyooshea ufunguo. Nilimwambia nyumba mbili zitanishinda kufagia. Aende na gari lake Shinyanga kwa Mama Kulwa, akafunge ndogo, msimu ujao tucheze vizuri. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Kesho yake nilikwenda kwenye jiwe. Nilifungua mlango wa mbele, nikasubiri, gari likainama kidogo upande ule. Nikamzungusha mzee taratibu kuzunguka mawe yote, Mama Shija akitupigia makofi, mwiko kwapani. Niliporudi na kufungua mlango, mwiba wa nungunungu, mrefu, mweusi na mweupe, ulikuwa umechomeka wima katikati ya kiti. Hautoki. Nimejaribu koleo, Mama Kulwa amejaribu spana. Ndio huo ninaowaonyesha watu. Abiria wa mbele sasa anakaa upande upande, na hakuna aliyelalamika.

Nilisema mimi ni mtu wa njia, nisiyerudi mahali. Kila mavuno sasa nina mahali pa kurudi, na ninarudi kumzungusha mzee. Msimu mmoja nilichelewa kidogo, nilikuwa Geita nimenogewa na maswali kuhusu mashine fulani ya kusaga mawe. Gari lilijiwasha lenyewe, mchana, mbele ya watu, likaanza kunguruma kwa mdundo ule mpaka nilipoingia na kuligeuza kuelekea kule kwenye mawe.

Kwa hiyo ukichagua turbo, usidanganywe na ukubwa wala mlio. Kanyaga, usikilize inakuitika lini. Na ukimwona mzee mwenye tenga mahali pale penye mawe, simama, mpakie, muulize maswali yote unayotaka. Ila akikuomba umrudie, usimwambie utakuja karibuni kama hujui lini. Mtajie siku, na uwahi.