Ng'ombe Niliowasahau Bwawani

Modeli yangu ya kompyuta ilikuwa na kila kitu cha bwawa lile isipokuwa ng'ombe. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mimi ni mtoto wa mfugaji wa Butiama, na aibu yake haijaniisha.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Musoma, kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya sato. Kazi yangu ilikuwa kukadiria maji yanaweza kulisha samaki wangapi kabla hatujawapandikiza. Bwawa la kijijini kwetu nililipima mwenyewe wakati wa masika. Nilishusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka ikapotea machoni, nijue maji ni maangavu kiasi gani, nikapima kina, nikakadiria furu, samaki wadogo waliokuwamo tangu zamani, maana mgeni hapewi chakula chote cha mwenyeji. Kompyuta ikatoa jibu: bwawa linabeba nusu ya vifaranga ambavyo kijiji kiliomba.

Siku ya mkutano watu walinuna. Juu ya hilo nikawaomba kina mama, waliokuwa wakivua furu wa mboga kwa vyandarua, wasubiri mwaka mzima bila kuvua, sato wakue. Mama yangu akasimama mbele ya kina mama wenzake.

"Huyu amepima," akasema. "Tumsikilize. Akikosea, mniulize mimi."

Ndipo baba, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akauliza, "Na ng'ombe umewaweka wapi humo? Kiangazi wanakunywaga hapa wote."

"Baba, ng'ombe hawali samaki," nikamjibu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjuaji wa watu.

Tukapandikiza ile nusu. Kiangazi kikaja kikali. Visima vya jirani vikakauka, na mifugo ya vijiji vingine ikahamia kwetu. Maji yalipungua, ng'ombe wakaingia hadi tumboni, wakavuruga tope na kuacha kinyesi. Nilipofika kutoka Nyakato, mtaa wa Musoma nilikokuwa nimepanga, sahani yangu ilipotea kabla kamba haijalowa. Samaki walikuwa juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Sato wangu wakafa, na furu wakafa pamoja nao. Furu peke yao huenda wangevuka, kama walivyovuka viangazi vingine vyote. Ni mimi niliyewaongezea wageni.

Baba hakunisuta. Alisema tu kwamba hajawahi kupanga idadi ya ng'ombe wake kwa majani ya masika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Kina mama walikwenda kumuuliza mama, kama alivyowaambia. Mboga yao ya miaka yote ilikuwa inaoza kando ya bwawa, na wao walikuwa wamesubiri kwa neno lake.

Nilianza upya. Safari hii nilipima mwezi mbaya kuliko yote, na ng'ombe nikawaweka mstari wa kwanza. Jibu likawa: msipandikize hata kifaranga kimoja mpaka furu warudi. Hilo ndilo nililosimama kuwasomea wanakijiji. Mama alikuwa ameketi nyuma kabisa, yeye ambaye zamani alikaa mbele. Nilipomaliza, aliyeuliza ni yeye.

"Ng'ombe umewahesabu?"

"Ndiyo, mama. Nimeanza nao."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimsubiri asimame. Hakusimama.